Ndege wa Miezi Sita

Mvua za Oktoba zikishakolea, malisho ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hupata wageni. Ni ndege wadogo, tumbo la njano, mgongo wa kijani kilichofifia, mkia mrefu usiotulia. Huwaoni mitini. Wako chini, hatua moja au mbili kutoka kwenye kwato za ng'ombe, wakikimbia juu ya nyasi fupi kwa miguu myembamba. Ng'ombe akiinua mguu, nzi na panzi hutimka, na ndege humdaka mmoja kabla ukwato haujagusa tena ardhi. Hufuatana na kundi mchana kutwa, na jua likitua hushuka bondeni kulala kwenye matete. Wachungaji wanawajua vizuri. Wanajua pia kwamba Aprili ikiisha hawaonekani tena, na kwamba hakuna mtoto wa kijijini aliyewahi kukuta kiota chao.

Viota hivyo viko Uswidi, Ufini, Urusi, Ukraini na nchi za Balkani. Ndege huyu, ambaye wataalamu humwita Motacilla flava, hafiki gramu 20 akiwa hajanenepa kwa ajili ya safari. Kwa uzito huo huvuka Mediterania na Sahara mara mbili kila mwaka, na karibu nusu ya maisha yake huyaishi upande wetu wa dunia. Hayuko peke yake. Mbayuwayu, teleka wa Ulaya, kekeo anayetaga katika viota vya wenzake, kipanga anayefukua mabuu ya nyigu, keremkerem wenye rangi zote za kitenge: wote hao hupita au hukaa kati ya milima ya Masisi na msitu mkubwa wa jirani yake, Walikale, wakati Ulaya imefunikwa na theluji. Wengi wao wanapungua. Historia ninayoisimulia ni ya jinsi watu wa ncha mbili za safari hiyo walivyochelewa kujuana, na jinsi ndege wanavyolipa gharama ya kuchelewa huko.

Huko kaskazini, kwa karne nyingi, watu waliona mbayuwayu wakitoweka kila mwaka bila kujua wanakwenda wapi. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu Mswidi, aliandika kwamba hulala chini ya maji, na kwamba wavuvi huwavuta kwa nyavu wakiwa wameshikamana mabonge. Wasomi waliliamini jambo hilo kwa zaidi ya miaka mia mbili. Kisha mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz katika nchi ya Mecklenburg, kaskazini mwa Ujerumani, akapigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mshale umepenya shingoni. Mshale ulikuwa wa mti, urefu wa sentimita 80 hivi, na haukutengenezwa Ulaya. Ulitoka Afrika ya Kati. Mwindaji wa huku alimlenga korongo, akampata bila kumuua, na ndege akaruka na mshale wake hadi kwao. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Fikiria maana yake. Ushahidi wa kwanza wa kushikika mkononi, uliowaonyesha Wazungu mahali ndege wao wanapokaa wakati wa baridi, ulikuwa kazi ya mikono ya Mwafrika. Jina la korongo wakalitunga, likaingia vitabuni. Jina la mwindaji hakuna aliyeliuliza. Mtindo huo umeendelea kwa miaka mia mbili, na utaonekana tena humu.

Baada ya mshale zikaja pete. Mwaka 1899 mwalimu Mdenishi, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba na anwani. Tarehe 6 Mei 1911, wakili Mwingereza aliyeitwa John Masefield alimvisha mbayuwayu pete nyumbani kwake huko Cheadle, Staffordshire. Desemba 1912 ndege huyohuyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shambani huko Natal, Afrika Kusini. Ndipo ikajulikana kwamba mbayuwayu wa zizi la Uingereza hufika hata ng'ambo ya pili ya Afrika, na kwamba kati ya ncha hizo mbili kuna bara zima la kupita, kula na kulala.

Kivu nayo wakati huo ilikuwa ikianza kuandikwa. Kati ya 1907 na 1908 Adolf Friedrich, wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg, nchi ileile alikoangukia korongo wa mshale, alipita Rwanda, ziwa Kivu na volkano za Virunga akiwa na msafara wa wanasayansi na wapagazi wengi. Rudolf Grauer, Mwaustria, alikusanya ngozi za ndege na wanyama katika misitu ya mashariki mwa Kongo miaka hiyohiyo. Sokwe mkubwa wa tambarare anayeishi Walikale bado anabeba jina lake. Mwaka 1909 kijana Mmarekani, James Chapin, aliingia Kongo pamoja na Herbert Lang, na hawakurudi New York hadi 1915. Chapin aliipenda kazi hii kuliko wote. Kitabu chake cha ndege wa Kongo ya Wabelgiji kilitoka kwa juzuu nne, ya kwanza 1932 na ya mwisho 1954, na humo aliwaandika pamoja na wenyeji wa msitu wale wageni wa miezi sita: wanafika lini, wanashukia wapi, wanaondoka lini. Katika miaka ya 1950 alirudi kuishi Kivu, kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, siku chache za mguu kutoka misitu ya Walikale.

Mtu aliyegusa kiini cha jambo hili, hata hivyo, alikuwa Mswidi. Kai Curry-Lindahl alikuja Kongo mashariki katika miaka ya 1950 na kuwafuata hawa ndege wa njano wa kwenye malisho. Swali lake lilikuwa rahisi kulitamka. Huko Ulaya ndege hujua majira kwa urefu wa mchana: siku zikirefuka, mwili huamka, mafuta hujaa chini ya ngozi, safari huanza. Kivu iko karibu na ikweta. Mchana wa Januari na mchana wa Machi huku ni karibu saa kumi na mbili zilezile. Nani basi anamwambia ndege aliye miguuni mwa ng'ombe wa Kivu kwamba theluji imeanza kuyeyuka umbali wa maelfu ya kilomita?

Madume wa jamii hii hutofautiana kichwani kufuatana na nchi wanakozaliwa. Wa Balkani wana kichwa cheusi tii, wa Skandinavia cha kijivu kilichoiva, na wa katikati ya Ulaya cha rangi ya samawati yenye majivu. Katika malisho ya Kongo wote wamechanganyika, wanakula wadudu walewale, wananyeshewa na mvua ileile. Curry-Lindahl alipowapima akaona kwamba hawajiandai kwa pamoja. Waliozaliwa kusini, ambako majira ya joto hufika mapema, walinenepa na kuondoka kwanza. Wa kaskazini ya mbali walibaki nyuma, kana kwamba wanajua kwao bado kuna barafu. Mazingira ni mamoja, kalenda ni tofauti. Mwaka 1958 alichapisha hoja yake kwamba ndege hubeba saa ndani ya mwili. Miaka kumi hivi baadaye Mjerumani Eberhard Gwinner aliwafungia ndege wengine wadogo wahamao katika vyumba vyenye mwanga wa saa kumi na mbili usiobadilika, na wakaendelea kubadili manyoya na kuhangaika kwa safari majira yalipowadia. Sayansi ya leo ya saa ya mwili wa ndege ina mguu mmoja Ujerumani na mwingine Kivu, ingawa ni wachache Goma waliofundishwa hivyo shuleni.

Wakati Mswidi akipima ndege, upande wa Walikale kulikuwa na maarifa mengine yakiandikwa. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mzee wa kabila la Wanyanga aliyeitwa Shekarisi Rureke alisimulia utenzi wa shujaa Mwindo kwa siku kumi na mbili mbele ya Daniel Biebuyck, Mbelgiji, na waandishi Wanyanga waliokuwa wakinakili. Ulichapwa 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene. Sehemu moja ya hadithi hiyo inalihusu jambo letu moja kwa moja. Mwindo, aliyekwisha kuwa mwami, yaani chifu, anaua joka ambalo ni rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anampandisha mbinguni, anamtesa kwa baridi, mvua na jua, kisha anamrudisha duniani kwa sharti kwamba asiue tena mnyama yeyote, wa msituni wala wa kijijini, hata mdudu. Sina haja ya kulifanya sharti hilo kuwa sheria ya hifadhi. Wanyanga ni wawindaji na wategaji hodari, na wanakula nyama ya msitu. Ila anayesema kwamba wazo la kuuwekea mkono wa binadamu mpaka lililetwa Walikale na wafadhili, hajamsikia Rureke.

Ardhi yenyewe ilikuwa inabadilika. Masisi ya zamani ilikuwa msitu wa mlimani na mianzi, na mashamba ya Wahunde katikati. Kuanzia 1937 serikali ya Wabelgiji ilileta maelfu ya familia kutoka Rwanda kupitia mpango wake wa uhamiaji uliodumu hadi 1955, na walowezi wakafungua mashamba ya kahawa, ya pareto na ya mifugo. Baada ya uhuru, na hasa baada ya rais Mobutu kutaifisha mali za wageni mwaka 1973, mashamba makubwa yaliangukia mikononi mwa wakubwa wa utawala, na msitu ukazidi kurudi nyuma mbele ya nyasi. Ndege wa malisho walifaidika. Yule wa njano alipata uwanja mpana kuliko aliokuwa nao babu yake. Ndege wa msituni walipoteza, wa kudumu na wahamiaji pia, na hakuna aliyekuwa akiwahesabu. Tukiwaona hawa wadogo wakicheza kati ya ng'ombe tukumbuke kwamba wanasimama mahali palipokuwa na miti.

Ulaya ilianza kushtukia kupungua kwa ndege kwa sababu ya eneo jingine, Sahel, kusini mwa Sahara. Ukame ulipoikamata Sahel mwishoni mwa miaka ya 1960, ndege mmoja wa vichakani mwenye koo jeupe, aliyekuwa wa kawaida sana Uingereza, alipungua kwa asilimia 77 kati ya majira ya 1968 na ya 1969. Vichaka vya Uingereza vilikuwa palepale, ndege hawakurudi. Wataalamu walitafuta sababu nyumbani na hawakuipata, kwa kuwa ndege walikuwa wamekufa njaa Afrika. Mwaka 1972 kikatoka kitabu cha Reginald Moreau, aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Moreau alikuwa amefanya kazi miaka mingi Amani, katika milima ya Usambara, na alikadiria kwamba ndege wa nchi kavu wapatao bilioni tano hushuka Afrika kutoka Ulaya na Asia kila mwaka. Makadirio ya 2009, ya ndege wadogo wanaotoka Ulaya peke yake, ni bilioni 2.1. Hesabu hizo mbili hazikupimwa kwa njia moja, lakini zote zinaonyesha ukubwa wa jambo.

Mwaka 1979 mataifa yalitia saini mjini Bonn mkataba wa kuwalinda wanyama wahamao, na Zaire ikajiunga mwaka 1990. Karatasi ilikuwa nzuri. Kwenye ardhi, ulinzi ulikuwa umefuata njia nyingine: hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970, ikapanuliwa 1975 ikaingia katika msitu wa tambarare hadi Walikale. Iliwekwa kwa ajili ya sokwe wakubwa. Kekeo na kipanga wa nyigu walinufaika chini ya mwavuli huo bila kutajwa.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Machi 1993 mapigano yalianzia Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi yote. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walifurika Kivu. Ng'ombe wa Masisi waliporwa karibu wote. Mei 1996 watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto, kando ya maziwa manne ya Mokoto, waliuawa humo. Mwishoni mwa mwaka huo maelfu kwa maelfu walipita msituni Walikale kwa miguu kuelekea Lubutu, na wengi hawakufika. Ni vigumu kuandika habari za ndege ndani ya aya hii. Naiandika kwa sababu katika takwimu za kuanzia miaka hiyohiyo watafiti wa Ulaya walikuja kuona badiliko: waliokuwa wakipungua zaidi sasa hawakuwa tena ndege wa Sahel kavu, walikuwa wale wanaokaa msimu wa baridi kusini zaidi, katika nchi za mvua na misitu. Yaani wa kwetu. Sisemi kwamba vita vya Kivu ndivyo vilivyowamaliza. Huko kwao dawa za mashambani zimeua wadudu, na kandokando ya Mediterania ndege wapatao milioni 25 huuawa kinyume cha sheria kila mwaka. Nasema kwamba pale swali lilipogeukia misitu ya Kongo, Kongo ilikuwa haina mtu wa kulijibu. Watafiti walikimbia, Lwiro ilibaki bila fedha, na wanakijiji waliobaki walikuwa na maisha yao ya kuokoa.

Jibu, au sehemu yake, lilitoka angani. Mei 2011 shirika la Uingereza la utafiti wa ndege, BTO, liliwafunga kekeo watano wa kiume vifaa vidogo vya setelaiti mgongoni, wakapewa majina: Chris, Clement, Lyster, Kasper na Martin. Waingereza waliwafuata kwenye ramani wakivuka Sahara, na wakashangaa. Walienda hadi bonde la Kongo. Chris alifuatiliwa mpaka 2015. Hesabu za mwanzo zilionyesha kwamba kekeo anayeimbwa kama ndege wa Uingereza hukaa Uingereza asilimia 15 tu ya mwaka, na karibu nusu ya mwaka yuko Afrika. Waswidi nao waliwafunga teleka vifaa, wakathibitisha mwaka 2016 kwamba baadhi yao hukaa angani miezi kumi bila kutua, wakila, wakilala na kubadili manyoya juu ya misitu ya Afrika. Teleka huyo aliingizwa mwaka 2021 katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza. Kekeo na yule wa njano wa malisho walikuwamo tangu 2009.

Wengine huja kutoka upande wa pili. Yangeyange wa Madagaska, ambaye duniani wamebaki elfu chache tu, huzaa kwao wakati wa mvua na kuvuka bahari kuja Afrika, hadi mashariki mwa Kongo, kuanzia Mei. Mabwawa yakikaushwa ili kulima, hana pa kusimama. Kwa hiyo hakuna mwezi ambao nchi hii haina mgeni anayeitegemea.

Walikale ya leo ina mambo mawili yanayovutana. Mwaka 2002 madini ya bati yaligunduliwa Bisie, katikati ya msitu, na mlima ukajaa maelfu ya wachimbaji. Mgodi wa kampuni ulianza kuzalisha 2019. Penye mgodi pana njia, penye njia pana shoka, makaa na mitego. Upande wa pili, amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 iliruhusu jamii za wenyeji kukabidhiwa msitu wao, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha miaka. Wambuti wa Kisimbosa, walioishi msituni kabla ya mipaka yote hii kuchorwa, ni miongoni mwa waliopigania haki hiyo Walikale. Kwa maoni yangu, hakuna hatua iliyo na maana zaidi kwa ndege wa Ulaya iliyochukuliwa Kivu tangu uhuru kuliko hiyo, nayo ilifanywa na watu wasiowafikiria kabisa ndege wa Ulaya. Mti unaobaki umesimama Kisimbosa unabaki kwa ajili ya asali, dawa, viwavi na makaburi ya mababu. Kipanga wa Ufini anakuta nyigu humo.

Kenya imeonyesha kinachowezekana. Tangu 1969, Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, watu hukusanyika kila Novemba na Desemba, usiku wa ukungu, kuwanasa ndege wanaovutwa na taa za hoteli, kuwavisha pete na kuwaachia. Wamevishwa mamia ya maelfu, na Wakenya wenyewe wamejifunza kazi hiyo na kuiongoza. Kivu ina ndege haohao. Ina vijana wenye simu, ina wachungaji wanaomtambua mgeni kwa mkia wake, ina Lwiro yenye makusanyo ya ngozi za ndege ya tangu wakati wa Wabelgiji. Januari 2025 Masisi-Centre na kisha Goma zilianguka mikononi mwa waasi wa M23. Machi Walikale-Centre ikafuata kwa majuma mawili hivi. Machi ndio mwezi ambao ndege wa njano hunenepa.

Mwaka 2014 nchi za mkataba wa Bonn zilipitisha mjini Quito mpango wa kuwalinda ndege wa nchi kavu wanaosafiri kati ya Afrika na Ulaya na Asia. Mpango unasisitiza ardhi wanayotumia Afrika, na ni haki. Basi fedha zake zifike kwa mwenye ardhi hiyo: kwa kamati ya msitu wa jamii inayolipia ramani na mihuri kutoka mfukoni mwake, kwa mwalimu wa kijijini anayeweza kuandika tarehe ndege wanapofika na wanapoondoka, kwa mchungaji wa Masisi ambaye jina lake, safari hii, liandikwe kwenye daftari pamoja na namba ya pete.